Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuunganisha Mfumo wa Wateja na Programu ya Uhasibu

Hapa tumekusanya maswali ambayo wenye biashara, wahasibu na watu wa mauzo huyauliza tena na tena wanapotaka mifumo yao miwili iwasiliane: ule wa kutunza habari za wateja, ambao wengi huuita CRM, na ule wa hesabu. Kila jibu linajitosheleza. Pale linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kuunganisha mifumo hii miwili ni kufanya nini hasa?

Ni kuhakikisha taarifa iliyoandikwa mara moja upande mmoja inafika upande wa pili bila mtu kuiandika upya. Afisa mauzo anafunga dili kwenye CRM. Mhasibu anakuta rasimu ya ankara kwenye programu yake, ikiwa na jina la mteja, bidhaa, kiasi na kodi. Mteja akilipa, malipo yanaingizwa kwenye hesabu, na afisa mauzo anaona kwenye ukurasa wa mteja huyo kwamba deni limekwisha. Hahitaji kupiga simu uhasibuni kuuliza.

Kazi ya kila mfumo inabaki pale pale. CRM inatunza mazungumzo, ahadi na matarajio: nani kaulizia, nani kapewa bei, nani kasema atarudi mwezi ujao. Vitabu vya hesabu vinatunza yaliyokwisha kutokea, na vinayatunza kwa utaratibu wa maingizo mawili, debiti na krediti, ule ule ambao Luca Pacioli aliueleza kwenye kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494. Ahadi unaweza kuibadilisha mara tano kwa siku na hakuna atakayeumia. Ingizo la leja, yaani daftari kuu la hesabu, halibadilishwi kienyeji. Matatizo mengi utakayoyasoma hapa chini yanaanzia kwenye kuisahau tofauti hiyo.

2. Kila wiki tunahamisha data kwa faili la Excel na mambo yanakwenda. Kuna ubaya gani?

Kama ankara ni chache na anayehamisha ni mtu yule yule makini, ubaya si mkubwa. Shida ya njia hii ni kwamba huharibu vitu kimyakimya. Namba ya simu inayoanza na sifuri ikifunguliwa kwenye Excel hupoteza ile sifuri. Namba ndefu huonekana kama 4.47E+11. Ikizidi tarakimu 15, zinazofuata hugeuzwa kuwa sifuri, na ukishahifadhi faili hutazipata tena. Namba ya akaunti au ya kumbukumbu ya malipo imeharibika moja kwa moja. Tarehe 03/04 mmoja ataisoma 3 Aprili na mwingine 4 Machi, kulingana na mipangilio ya kompyuta yake.

Mkasa unaojulikana sana ulitokea Uingereza. Oktoba 2020 iligundulika kwamba karibu matokeo 16,000 ya watu waliokutwa na korona yameachwa nje ya takwimu za kila siku, kwa sababu data zilipitia kwenye faili la Excel la aina ya zamani, XLS, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Faili lilijaa, na yaliyozidi yakaachwa bila onyo. Faili la ankara zako halitafika ukubwa huo, lakini tabia ya kudondosha kitu bila kusema ni ile ile.

3. Sisi ni biashara ndogo. Tunahitaji kweli?

Usipime kwa ukubwa wa biashara. Pima kwa mambo mawili: taarifa ile ile inaandikwa mara ngapi, na mara ngapi kwa siku mtu wa mauzo anauliza "fulani ameshalipa?" Kama anayeuza ndiye huyo huyo anayeandika vitabu, na ankara za mwezi unaweza kuzisoma zote kwa kikao kimoja, baki ulivyo. Kama kuna watu wanne wa mauzo na mhasibu mmoja anayenakili kazi yao kila jioni, umeshachelewa.

4. Kwa nini tusinunue mfumo mmoja unaofanya yote?

Ni wazo zuri, hasa kwa anayeanza upya. Odoo, ERPNext, Zoho na Microsoft Dynamics 365 zote zina upande wa wateja na upande wa fedha. Lakini kama tayari mna programu mbili ambazo watu wamezizoea na zinafanya kazi, kuzing'oa zote mbili kwa pamoja ni usumbufu mkubwa kuliko kuziunganisha. Mfumo mmoja pia haukuondolei maamuzi ya swali la 5. Unakuondolea sehemu ya kazi ya kiufundi tu.

## Kabla ya kuanza

5. Tuanzie wapi?

Kwenye karatasi, kabla ya kumwita fundi. Mkalisheni mhasibu na mkuu wa mauzo meza moja, orodhesheni kila taarifa itakayokuwa kwenye mifumo yote miwili, na kando ya kila moja andikeni mfumo unaoimiliki. Mfumo mmiliki ndio pekee unaoruhusiwa kuibadilisha; mwingine unaisoma tu.

Kwa kawaida mgawanyo huwa hivi. Jina la kisheria la mteja, namba yake ya mlipakodi, masharti ya malipo, kikomo cha kukopa na salio la deni ni mali ya uhasibu. Mtu wa kuwasiliana naye, simu, barua pepe, hatua ya mauzo na historia ya mazungumzo ni mali ya CRM. Orodha ya bidhaa na bei hukaa uhasibuni, au kwenye mfumo wa stoo kama upo.

Kisha mtafika kwenye anwani, na hapo ndipo ubishi huanza. Mauzo watasema ni yao kwa sababu wao ndio wanaomtembelea mteja. Uhasibu watasema ni yao kwa sababu ndiyo inayochapwa kwenye ankara. Wote wana haki, kwa sababu hapo kuna anwani mbili: ya kupelekea mzigo na ya kupelekea ankara. Zitengeni. Kila mnapokuta kipengele kinachogombewa, angalieni kwanza kama si vipengele viwili vilivyopewa jina moja.

Kikao hiki huonekana cha kuchosha, na wengi hukiruka. Waliokiruka hukifanya baadaye, data zikiwa zimeshavurugika, na huwa kirefu zaidi.

6. Mteja mmoja ana rekodi tatu kwenye CRM na mbili kwenye hesabu. Tufanyeje?

Safisheni kwanza, unganisheni baadaye. Mkiunganisha kabla ya kusafisha, rekodi tano zinaweza kuwa nane.

Kulinganisha kwa jina hakutoshi. "Amani Traders", "Amani Traders Ltd" na "AMANI TRADERS LIMITED" kwa kompyuta ni wateja watatu. Tumieni kitu kisichobadilika: namba ya mlipakodi kwa kampuni, namba ya simu kwa mtu binafsi. Simu nazo ziandikwe kwa mtindo mmoja. Kiwango cha kimataifa, E.164, ni alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba bila nafasi wala mabano, jumla isizidi tarakimu 15.

Mkishapata jozi, hifadhini kitambulisho cha mteja cha kila mfumo ndani ya rekodi ya mfumo mwingine. Tangu hapo mifumo itambuane kwa vitambulisho hivyo, na jina libaki kwa ajili ya macho ya binadamu. Mteja anaweza kubadilisha jina kesho. Kitambulisho chake hakibadiliki.

Kazi ya kuunganisha rekodi mbilimbili isiachiwe programu peke yake. Ipendekeze, na mtu aidhinishe.

7. Ankara itengenezwe kwenye CRM au kwenye uhasibu?

Kwenye uhasibu. CRM itoe nukuu ya bei na profoma (ankara ya awali isiyo rasmi), mteja akikubali ipeleke oda, na programu ya uhasibu ndiyo itoe ankara yenye namba rasmi. Sababu ni kwamba namba za ankara zinatakiwa kufuatana bila kuruka, na sheria za kodi za nchi nyingi zinadai hivyo. Mifumo miwili ikitoa namba, lazima siku moja zitagongana au kuacha pengo ambalo hakuna atakayeweza kumweleza mkaguzi.

Baadhi ya CRM zina kitufe cha kutengeneza ankara. Kizimeni, au muondoe ruhusa yake, siku ile ile mnapounganisha. Kikibaki, kuna mtu atakibonyeza.

Je, ankara ianze kama rasimu au ipitishwe moja kwa moja? Miezi ya mwanzo, rasimu, na mhasibu azipitie. Mkishaona zinakuja sawasawa, aina za ankara zilizo rahisi ziruhusuni zipite zenyewe.

8. Data zote za zamani zihamishwe?

Hapana. Hamisheni wateja walio hai, ankara ambazo hazijalipwa na masalio. Za zamani zilizokwisha kulipwa ziacheni zilipo, zikiwa na njia ya kuzisoma. Mtu wa mauzo akitaka historia, jumla ya manunuzi kwa kila mwaka kwa kawaida inamtosha.

## Njia za kuunganisha

9. Kuna njia zipi?

Kwa ufupi ni tatu, ukiacha faili la mkono.

Ya kwanza ni kiunganishi kilichokwisha kutengenezwa, chako ni kukiwasha. HubSpot, kwa mfano, ambayo ni CRM, ina kiunganishi cha kwenda QuickBooks Online na cha kwenda Xero, ambazo ni programu za uhasibu. Ni rahisi kuanza nacho, lakini kinafanya alichokifikiria mtengenezaji tu. Kabla ya kukitegemea, soma orodha ya vipengele kinavyovihamisha, kipengele kwa kipengele. Vingi hubeba wateja na ankara vizuri, kisha hukwama kwenye punguzo, malipo ya sehemu au kodi ya viwango zaidi ya kimoja.

Ya pili ni programu ya katikati, kama Zapier au Make, inayosema "likitokea hili huku, fanya lile kule". Inafaa sana kwa mambo mepesi. Mtiririko ukifika hatua kumi na masharti ndani ya masharti, unakuwa umeandika programu mahali pagumu kuisoma na pagumu kuijaribu.

Ya tatu ni kuandika programu yenu inayotumia API, yaani milango ambayo programu moja hutumia kuzungumza na nyingine, za pande zote mbili. Ndiyo yenye uhuru mkubwa, na ndiyo yenye mzigo: lazima awepo mtu wa kuitunza mwaka huu, mwaka ujao na baadaye. Kama aliyeiandika ni kibarua wa miezi miwili asiyeacha maelezo yoyote, hamna muunganiko, mna bahati.

10. Data ziende upande mmoja au pande zote mbili?

Kwa kila kipengele, upande mmoja. Kwa mfumo mzima, pande zote mbili. Oda zinatoka CRM kwenda uhasibuni. Hali ya malipo na salio vinarudi kutoka uhasibuni kwenda CRM. Kipengele kimoja kikiruhusiwa kubadilishwa pande zote, utapata mzunguko: CRM inabadilisha, uhasibu unapokea na kutangaza badiliko, CRM inalipokea kama jipya na kulituma tena. Orodha ya swali la 5 ndiyo inayozuia hili.

11. Taarifa zivuke papo hapo au mara moja kila usiku?

Inategemea nani anaisubiri. Afisa mauzo anayeongea na mteja kwenye simu anahitaji kujua sasa hivi kama malipo yameingia. Ripoti ya mauzo kwa mkoa inaweza kungoja hadi asubuhi. Papo hapo huonekana bora kila mahali, lakini kila kinachovuka papo hapo kinaweza pia kukwama papo hapo, na mwenye zamu lazima awepo.

Fundi akizungumzia webhuku, anamaanisha mfumo mmoja kuutumia mwingine taarifa mara jambo linapotokea, badala ya ule mwingine kuuliza kila dakika. Ni njia nzuri, kwa sharti kwamba kila usiku kuna zoezi la kupitia yote na kuokota kilichopotea njiani.

## Upande wa hesabu

12. CRM inasema tumeuza 12,000, vitabu vinasema mapato ni 1,000. Nani kakosea?

Huenda hakuna. Hili ndilo swali linalozua ugomvi mwingi kuliko mengine yote, kwa hiyo tulifuatilie taratibu.

Tuseme tarehe 1 Januari mteja amesaini mkataba wa huduma ya mwaka mzima wenye thamani ya 12,000, bila kodi. Siku hiyo afisa mauzo anafunga dili, na CRM inaandika mauzo 12,000. Ankara ya kiasi chote inatoka siku hiyo hiyo, inayotakiwa kulipwa Februari. Mwisho wa Januari mhasibu anafunga mwezi. Kwa mujibu wa IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, mapato hutambuliwa kadiri unavyotimiza ulichomwahidi mteja. Mmetoa huduma ya mwezi mmoja kati ya kumi na miwili. Mapato ya Januari ni 1,000. Zile 11,000 zinakaa upande wa madeni kama mapato yaliyoahirishwa, kwa sababu bado mnadaiwa huduma. Kwenye orodha ya wadaiwa mteja anaonekana na 12,000. Benki kuna sifuri.

Hizo ni takwimu nne tofauti za mteja mmoja, mwezi mmoja, na zote ni sahihi. Mkurugenzi akiuliza "tumeuza kiasi gani?" anaweza kuwa anauliza yoyote kati yake. Dawa yake ni kuzipa majina tofauti kwenye ripoti: thamani ya mikataba, ankara zilizotolewa, mapato, fedha zilizopokelewa. Neno "mauzo" likiachwa peke yake kwenye ripoti inayosomwa na idara mbili, litaleta kikao.

Tahadhari moja: CRM nyingi hukokotoa mauzo yanayotarajiwa kwa kuzidisha thamani ya dili na uwezekano wa kufungwa kwake. Takwimu hiyo ni ya kupangia kazi. Isivuke kwenda kwenye leja kwa namna yoyote.

13. Jumla zinatofautiana kwa senti moja au mbili. Ni hitilafu?

Mara nyingi ni ukadiriaji wa desimali. Chukua ankara yenye mistari mitatu, kila mmoja 10.03, na kodi ya asilimia 20. Mfumo unaokokotoa kodi kwa kila mstari utapata 2.006, utaiandika 2.01, na mara tatu ni 6.03. Mfumo unaokokotoa kwa jumla utachukua 30.09, upate 6.018, uandike 6.02. Senti moja hiyo. Hakikisheni mifumo yote miwili imewekwa njia moja, na kwamba ile ya uhasibu ndiyo yenye neno la mwisho.

Kama mmeandika programu yenu, fundi asitumie namba za desimali za kawaida za kompyuta kwa fedha. Kwa namba hizo, 0.1 ukijumlisha 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Fedha zihifadhiwe kama senti nzima au kwa aina ya namba iliyotengenezwa kwa ajili ya desimali.

14. Ankara imekosewa. Tuifute kwenye CRM?

Msiifute popote. Ankara iliyokwisha kutolewa hurekebishwa kwa krediti noti, hati inayopunguza au kufuta deni la ankara, kisha hutolewa ankara mpya. Muunganiko wenu unatakiwa ujue kupeleka krediti noti upande wa CRM. Usipojua, afisa mauzo ataona mteja anadaiwa fedha ambazo vitabu vimeshaziondoa, na atamdai. Jaribuni hili kabla ya kuzindua, maana viunganishi vingi vya kuwasha tu havijishughulishi nalo.

15. Mteja amelipa nusu, au amelipa kabla ya ankara. Inakuwaje?

Malipo ya sehemu: CRM isiwe na hali mbili tu, "imelipwa" na "haijalipwa". Ioneshe salio lililobaki, lililosomwa kutoka uhasibuni.

Malipo ya awali ni magumu kidogo. Fedha imeingia, ankara haipo, na mara nyingine hata jina la mlipaji halifanani na la mteja kwa sababu aliyetuma ni ndugu yake au mfanyakazi wake. Mhasibu huiweka kama amana ya mteja hadi ankara itoke. Afisa mauzo aione, iandikwe wazi kwamba haijapangiwa ankara. Msiruhusu programu ibahatishe ankara ya kuipachika kwa sababu kiasi kimelingana.

16. Tunauza kwa fedha za nchi zaidi ya moja.

Kila kiasi kisafiri na msimbo wake wa herufi tatu wa ISO 4217, kama USD au EUR. Alama ya dola peke yake haitoshi, kwa sababu nchi kadhaa zinaitumia. Angalieni pia idadi ya desimali. Yen ya Japani haina senti, na dinari ya Kuwait ina desimali tatu. Programu iliyodhani kila fedha ina desimali mbili itakosea moja mara mia, au nyingine mara kumi.

Kiwango cha kubadilishia fedha kitoke uhasibuni peke yake. Kwa mujibu wa IAS 21, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu fedha za kigeni, ankara huandikwa kwa kiwango cha siku ya muamala, na tofauti inayojitokeza siku ya malipo huingia kwenye faida au hasara. CRM ikiwa na kiwango chake ilichokibeba mtandaoni asubuhi, ripoti hazitakutana kamwe.

## Usalama na faragha

17. Tukiunganisha, watu wa mauzo wataona mishahara na faida?

Wataona mtakachowaruhusu. Muunganiko upewe akaunti yake yenyewe kwenye programu ya uhasibu, yenye ruhusa ya wateja, ankara na malipo pekee. Kosa la kawaida ni kutumia akaunti ya msimamizi mkuu kwa sababu "inafanya kazi haraka". Akaunti ya mtu binafsi nayo si nzuri, na sababu yake iko kwenye swali la 21.

18. Tunaweza kuhifadhi namba za kadi za wateja kwenye CRM ili kuwarahisishia?

Hapana, hata kwenye sehemu ya maelezo. Viwango vya usalama wa kadi, PCI DSS, vinakataza kabisa kutunza ile namba ya usalama ya tarakimu tatu au nne iliyochapwa kwenye kadi baada ya muamala kuidhinishwa, na namba ya kadi yenyewe ina masharti mazito. Mwachieni mtoa huduma ya malipo, nanyi mtunze tokeni anayowapa, yaani kitambulisho kinachosimama badala ya namba ya kadi.

19. Mteja ameomba tufute taarifa zake. Na ankara je?

Sheria za kulinda data hutoa haki hiyo, lakini huwa ina mipaka. Ile ya Umoja wa Ulaya, GDPR, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, inatoa haki ya kufutwa kwenye kifungu cha 17, na kifungu hicho hicho kinaacha nje taarifa ambazo sheria inakulazimisha kuzitunza. Ankara ziko humo kwa muda wote ambao sheria ya kodi inataka zitunzwe. Kwa hiyo mnafuta historia ya mazungumzo, barua pepe za matangazo na maelezo ya CRM, mnabakiza ankara, na mnamweleza mteja hivyo. Someni sheria ya nchi yenu.

Mtego uko kwenye muunganiko. Mnamfuta mteja kwenye CRM mchana; usiku zoezi la kulinganisha linamkuta kwenye uhasibu, linaona CRM haina, na linamrudisha. Wekeni alama kwenye rekodi ya uhasibu inayosema mteja huyu asirudishwe.

## Mambo yanapokwama

20. Oda moja imezaa ankara mbili. Imetokeaje?

Karibu kila mara ni hivi. CRM inatuma oda. Uhasibu unaipokea na kutengeneza ankara. Jibu la "imepokelewa" linapotea njiani, pengine intaneti imekatika kwa sekunde chache. CRM inasubiri, haioni jibu, inadhani imeshindwa, inatuma tena. Uhasibu unaona oda mpya, unatengeneza ankara ya pili. Hakuna mfumo uliokosea. Kila mmoja umefanya ulichoagizwa.

Kuacha kujaribu tena si dawa, maana hapo mtapoteza oda. Kila oda ibebe kitambulisho chake cha pekee, na uhasibu kabla ya kutengeneza ankara uangalie kama kitambulisho hicho umeshawahi kukiona. Ukikikuta, urudishe ankara ile ile ya mwanzo. API kadhaa za malipo na fedha zina sehemu maalumu ya kitambulisho hiki. Kama yenu haina, tumieni kipengele cha namba ya kumbukumbu kwenye ankara. Taarifa za webhuku pia hufika mara mbili mara nyingine, kwa hiyo kinga hiyo hiyo iwekwe huko.

21. Muunganiko ulikuwa unafanya kazi vizuri, ghafla kimya. Tuangalie nini?

Anza na idhini. Viunganishi vingi hutumia OAuth 2.0, utaratibu wa kuipa programu idhini bila kuipa nywila, ambao hutoa tokeni (funguo za kidijitali) zenye muda. Zisipohuishwa, mlango unafungwa. Halafu uliza kama kuna mtu ameacha kazi: aliyeidhinisha muunganiko kwa akaunti yake akiondoka na akaunti ikafungwa, muunganiko unaondoka naye. Baada ya hapo angalia kama kuna mtu ameongeza kipengele cha lazima kwenye fomu, kama kiwango kipya cha kodi hakijawekwa upande wa pili, au kama mmevuka idadi ya maombi mnayoruhusiwa kwa dakika, ambapo seva hujibu kwa msimbo 429.

Kero kubwa ni kwamba ukimya huu hugunduliwa na mteja kabla yenu. Wekeni kengele mbili: moja ya makosa, nyingine ya ukimya. Siku ya kazi ikipita bila ankara hata moja kuvuka, mtu apate ujumbe.

22. Tutajuaje kwamba pande mbili zinalingana?

Kila siku linganisheni idadi ya oda zilizofungwa na idadi ya ankara, kisha jumla ya fedha zake. Idadi peke yake haioni kiasi kilichokosewa. Jumla peke yake haioni makosa mawili yanayofidiana. Tofauti yoyote ipewe mwenye kuifuatilia siku hiyo hiyo, ikiwa bado kila mtu anakumbuka kilichotokea.

23. Mwezi umefungwa, na afisa mauzo amebadilisha dili la mwezi huo.

Programu ya uhasibu itakataa, na inapaswa kukataa. Swali ni kama kukataa huko kunaonekana CRM. Afisa mauzo aone ujumbe kwamba badiliko halijapita na kwamba aonane na uhasibu. Marekebisho yatafanywa kwa tarehe ya mwezi ulio wazi, kwa njia ya swali la 14.

## Hali za pekee

24. Kampuni mama ina matawi saba. Anayeagiza ni tawi, anayelipa ni makao makuu.

Kwenye CRM wekeni tawi kama mteja na makao makuu kama mzazi wake. Kwenye uhasibu mdaiwa ni yule anayewajibika kisheria kulipa, basi. Muunganiko uwe na kipengele cha "anayetumiwa ankara" tofauti na "aliyeagiza". Kiunganishi chenye nafasi ya mteja mmoja tu kwa kila oda hakiwafai ninyi, hata kikiwa cha bei nafuu.

25. Tumeunganisha rekodi mbili za mteja kwenye CRM, sasa ankara zake hazionekani.

CRM imebakiza rekodi moja na kutupa kitambulisho cha nyingine, na ankara zilikuwa zimefungwa kwenye kile kilichotupwa. Rudisheni kitambulisho cha zamani kama lakabu ya rekodi iliyobaki. Tangu sasa, kuunganisha rekodi yenye ankara kufanywe kwa kibali cha uhasibu.

26. Tukibadilisha programu moja, tunaanza upya?

Si lazima. Orodha ya umiliki ya swali la 5 inabaki vile vile, kwa sababu haitaji programu yoyote. Kinachopotea kirahisi ni jedwali la vitambulisho vya swali la 6. Litoeni na kulihifadhi kabla ya kufunga akaunti ya zamani, kisha ongezeni safu ya vitambulisho vipya mkiacha vya zamani mahali pake. Hamieni mwanzoni mwa mwezi, mwezi uliopita ukiwa umefungwa, na hakikisheni mnaweza kuisoma programu ya zamani hadi ukaguzi wa mwaka huo uishe. Msiziache zote mbili zikipokea oda kwa wakati mmoja, hata kwa siku moja ya majaribio.